Kushuka kwa Kizazi ni Jambo la Chama



Wako watakaouliza kwa nini karatasi ya chama cha wafanyi kazi wa reli iseme habari za nyumba ya mtoto. Watasema karatasi hii ni ya mishahara, marupurupu na saa za kazi, na mambo ya mabibi yaachwe kwa mabibi wenyewe na wakunga wao. Sisi hatukubali. Mtu akiangukiwa na taruma akavunjika kidole cha mguu, chama husimama kudai haki yake, na hakuna anayeona haya kukitaja kidole. Akina mama wanaumia polepole kwa mizigo ya kila siku, na kwa kuwa maumivu yao yako mahali pasipotajwa mbele ya watu, hakuna fomu inayojazwa, nyapara hajui, na mara nyingi hata mume hajui. Kwa hiyo tumeona yafaa kuandika wazi, kwa adabu, ili mwanamume na mwanamke wasome pamoja.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Ndani ya nyonga ya mwanamke mna viungo vitatu vinavyokaa karibu karibu: kibofu cha mkojo mbele, kizazi katikati, na mwisho wa utumbo nyuma. Chini yake iko misuli iliyotandazwa toka mfupa wa mbele mpaka kifandugu, mfano wa kitanda cha kamba. Kamba zikiwa imara, anayelala juu hashuki. Zikilegea, au zikikatika mbili tatu, kitanda hubonyea katikati. Ndivyo viungo vile vinavyoshuka, kimoja au vyote, vikasukuma kuta za njia ya uzazi, na kwa wengine vikatokeza hata nje. Sisi watu wa njia twalifahamu jambo hili bila kufundishwa sana. Reli haizami kwa treni moja. Huzama kwa sababu kokoto zimetawanyika na mataruma yameoza, na kila treni ipitayo yasukuma kidogo tena.

Mwenye ugonjwa huu husikia uzito chini, kama kwamba kitu kinataka kuanguka. Asubuhi ni nafuu; jioni, baada ya kusimama kutwa, uzito umezidi; akilala hupungua. Wengine mkojo huwaponyoka wakikohoa au wakicheka. Wengine huenda haja wakaona haijaisha. Wengine huumwa kiuno, wakameza vidonge vya maumivu mwaka baada ya mwaka, bila mtu kuuliza zaidi. Na wengine hugusa uvimbe wakioga, wakafikiri ni kansa, wakanyamaza kwa hofu.

Si kansa, wala haugeuki kuwa kansa. Hauambukizi. Haukuletwa na uasherati wala na mchawi. Tena usichanganywe na ule ugonjwa wa fistula, ambao ni tundu linalotoboka kwa uchungu wa kuzaa uliokawia mno, na mkojo ukawa unatiririka bila kukoma. Huo una matibabu yake na mgonjwa asicheleweshwe. Twasema haya waziwazi kwa sababu tumesikia katika nyumba za wafanyi kazi mwanamke akiambiwa arudi kwao kwa kuwa "ameharibika". Mwanamume asemaye hivyo juu ya mama aliyemzalia watoto hana tofauti na kampuni inayomtupa mtu akishaumia kazini.

Sababu ya kwanza ni kuzaa. Kila mtoto apitaye njia ya kawaida huivuta misuli ile, hasa uchungu ukikawia, au mtoto akiwa mkubwa, au akivutwa kwa vyombo. Kisha umri huongeza, maana hedhi ikikoma misuli na ngozi za huko hupungua nguvu. Kikohozi cha muda mrefu, kufunga choo, na unene huongeza. Wengine wamezaliwa na nyama laini kama mama zao. Na mizigo mizito imo katika hesabu ya madaktari pia, kwa maana mtu ainuapo kitu kizito tumbo hukaza, na nguvu ile hushuka chini ikakandamiza kamba zilizokwisha kulegea.

Sasa tuje kwenye habari njema, kwa kuwa wengi hudhani dawa ni kisu tu. Madaktari hugawa ugonjwa huu katika hatua 4. Mwanamke aliye katika hatua za mwanzo aweza kujitunza nyumbani akapata nafuu kubwa, na pengine asihitaji kupasuliwa maisha yake yote.

Mazoezi ndiyo jambo kubwa. Daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika habari zake mwaka 1948, na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Mwaka 2014 ilitangazwa habari ya wanawake 447 wenye ugonjwa huu, wa Uingereza, New Zealand na Australia, waliogawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilifundishwa mazoezi na mtaalamu, mtu na mtu, mara tano katika wiki 16. Fungu la pili lilipewa maandishi ya maonyo tu. Baada ya mwaka mmoja, waliofundishwa walikuwa na taabu pungufu kuliko wenzao. Hatusemi wote walipona. Twasema kufundishwa na mtu kunashinda kupewa karatasi, nasi tunaoandika karatasi hii twakiri hivyo: soma hapa, kisha umwendee nesi au fundi wa viungo hospitalini akuhakikishie kuwa unakaza mahali panapotakiwa.

Hufanywa hivi. Dada alale chali, magoti yakiwa juu. Akaze kama mtu azuiaye upepo usitoke na mkojo usitoke kwa wakati mmoja, na asikie misuli ikivutwa ndani na juu. Tumbo, makalio na mapaja yatulie, na pumzi isizuiwe. Ashikilie huku akihesabu mpaka 5, kisha alegeze kabisa kwa hesabu iyo hiyo, maana misuli isiyolegezwa huchoka na kuuma. Arudie mara 10. Halafu akaze na kulegeza upesi upesi mara 10 nyingine. Hayo yafanywe mara 3 kwa siku, na siku zikiendelea hesabu ya kushikilia ipande mpaka 10. Akizoea, afanye akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayeona: aweza kufanya ndani ya matatu, au dirishani anapokata tikiti. Ila asifanye mazoezi ya kukata mkojo chooni kila siku, kwani kibofu hujifunza kutomaliza kazi yake. Na asitazamie ajabu kwa wiki moja. Miezi 3 au 4 ndipo nafuu huonekana vema, na akiacha, kamba hulegea tena. Yakimletea maumivu, aache, akaonwe.

Iko hila nyingine ndogo yenye faida kubwa: kukaza misuli ile kabla tu ya kukohoa, kupiga chafya au kuinua kitu. Na wakati wa kuinua, atoe pumzi badala ya kuizuia, na mzigo ukae karibu na mwili. Jioni uzito ukizidi, alale kidogo na mto chini ya makalio.

Choo nacho ni sehemu ya dawa. Anayejikamua kila asubuhi anabomoa alichojenga usiku. Maji ya kutosha, sukuma wiki, maharagwe, papai, unga usiokobolewa. Hayo si vyakula vya gharama. Mwenye choo cha kukalia aweke miguu juu ya kigoda na kuinama mbele kidogo. Lakini hapa twataka kuwauliza wakubwa wa kazi neno moja. Dada anayefanya kazi mahali ambapo choo kiko mbali, au kimefungwa kwa kufuli, au hakiingiliki kwa uchafu, atakunywaje maji? Anajizuia kunywa kutwa nzima ili asihitaji kwenda. Kisha anafunga choo, anajikamua, na kizazi kinashuka. Twaona basi kwamba ufunguo wa choo cha stesheni ni dawa, na aliye nao mfukoni ni nyapara.

Kikohozi kitibiwe, tumbaku iachwe, na jiko la makaa litolewe nje au penye hewa. Mwenye mwili mzito akipungua kidogo atasikia tofauti.

Yote haya ni mema. Lakini tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Kila daktari na kila nesi humwambia mgonjwa: usiinue vitu vizito. Maneno matatu tu, mepesi mdomoni. Mwambie mama anayeishi mahali ambapo bomba hutoa maji usiku wa manane, siku mbili kwa wiki, kisha yeye huyapandisha ngazi orofa ya tatu. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji, mbali na mtungi wenyewe. Nyumba ya watu sita haimalizi siku kwa mtungi mmoja. Hesabu mitungi minne tu, na tayari mama amepandisha kilo 80 kabla ya kwenda kazini, na huko kazini anangojewa na ndoo nyingine. Jioni anafanya mazoezi yake kitandani, kaza na legeza, kwa uaminifu kabisa. Ni kama gangi ishindilie kokoto mchana, kisha usiku mtu mwingine aje azichote.

Tunamfahamu dada mmoja afanyaye usafi wa mabehewa chini ya kontrakta. Ana watoto wanne. Alipoona dalili alikwenda kupimwa, akapewa cheti kisemacho asiinue mizigo mizito. Alikipeleka kwa msimamizi wake. Yule bwana alikisoma, akamrudishia, akamwambia asiyeweza ndoo awapishe wanaoweza, na mkataba wake ulikuwa wa kufanywa upya mwisho wa mwezi. Dada alikunja cheti akakitia kwenye mkoba, akaichukua ndoo. Mpaka leo anaichukua. Sasa nani atamlaumu kwamba hajitunzi?

Sheria hazikumsahau. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumtaka mfanyi kazi abebe mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumdhuru. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo inampa mgonjwa, akiwa amekwisha fanya kazi miezi 2 mfululizo na akileta cheti cha daktari, likizo isiyopungua siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kila mwaka. Inampa mzazi wa kike miezi 3 kwa mshahara kamili. Katiba ya mwaka 2010 inataja afya ya uzazi kwa jina, katika kifungu cha 43. Huko Geneva nako mataifa yalikwisha patana mwaka 1967, katika mkataba nambari 127 wa kazi, kwamba mizigo ya wanawake iwe na mpaka, na uwe chini sana kuliko ule wa wanaume. Kwa hiyo tukienda mbele ya mabwana wakubwa hatuendi kuomba sadaka.

Na wanaume tusijifiche nyuma ya kontrakta. Sheria ile ile ya Ajira inampa baba wiki 2 za likizo kwa mshahara kamili mtoto akizaliwa. Tuulizane kwa haki: wiki zile mbili wengi wetu huzitumiaje? Wako wanaokwenda nyumbani kuona shamba. Wako wanaoziuza kwa kufanya kibarua mahali pengine. Na wako wanaoketi kupokea pongezi na soda, hali mama mwenye siku tano tangu kuzaa anapita mbele yao na mtungi kichwani, na wageni wanamsifu kuwa ana nguvu. Wiki zile ndizo ambazo misuli yake imevutika kuliko wakati wo wote. Mwanamume anayeinua mataruma kwa ujira hawezi kutuambia kwamba mtungi wa maji ni kazi ya kike. Kama aona haya ya majirani, achote maji alfajiri, au akodi mkokoteni. Wilbaro nayo si ya kike wala ya kiume. Mitungi ya lita 10 mahali pa ile ya 20 ni msaada pia, ingawa safari huwa nyingi.

Turudi kwa wale ambao mazoezi hayawatoshi. Kuna pete ya mpira laini, iitwayo pesari, ambayo mwuguzi au daktari hupima na kuiweka ndani ili kuvishikilia viungo. Si operesheni. Mwanamke aweza kufundishwa kuitoa, kuiosha kwa sabuni na maji, na kuirudisha mwenyewe. Na pete ya namna hii haizuii mambo ya mume na mke. Neno kubwa ni kurudi kupimwa kwa siku alizoambiwa, maana pete iliyosahauliwa ndani huchubua. Si kila dispensari inayo, lakini kuuliza si kosa, nasi twaona ni haba sana wanaoambiwa kwamba iko.

Wengine watahitaji kupasuliwa, hasa walio katika hatua za mwisho, na hilo si aibu wala kushindwa. Ila wajue kuwa hata baada ya operesheni ugonjwa waweza kurudi, hasa mtu akirudia mizigo ile ile, na wamwulize daktari ni operesheni gani. Iko moja ya kuweka wavu kupitia njia ya uzazi, ambayo ilileta madhara kwa wanawake wengi ng'ambo, na mwaka 2019 Serikali ya Marekani iliamuru wavu wa kazi hiyo usiuzwe tena.

Jihadharini pia na wauzaji wa dawa za kuingiza ndani: mizizi, majani, unga na vidonge vya "kukaza". Wanajua akina mama wanaona haya, basi wanauza kwa siri na kwa bei kubwa. Hakuna jani linalokaza misuli iliyovutika, na tumesikia ya walioungua ndani. Kujitunza kwa njia za asili ni yale tuliyoyaeleza, ambayo hayauzwi na mtu.

Na mwanamke asingoje nyumbani kama damu inatoka isiyo ya hedhi, na zaidi kama hedhi ilikwisha koma, au mkojo umekataa kutoka, au uvimbe uko nje umefanya kidonda, au kuna usaha na homa. Hayo ni ya hospitali siku ile ile. Asiyejua aanzie wapi, amwulize mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake. Kazi yao ni pamoja na maswali kama haya.

Kwa mkutano ujao wa tawi twaleta mambo haya. Cheti cha daktari kisemacho "asiinue" kiheshimiwe kwa wafanyi kazi wote, wa kontrakta wakiwemo, na mwenye cheti apewe kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara. Kila mahali pa usafi pawe na mkokoteni wa ndoo. Vyoo vya wanawake vifunguliwe saa zote za kazi na maji yawemo. Mara mbili kwa mwaka aitwe fundi wa viungo kutoka hospitali ya Serikali aje awafundishe akina mama mazoezi, wanachama na mabibi wa wanachama, katika chumba chenye mlango, bila mwanamume kuchungulia. Na habari za maji katika nyumba za wafanyi kazi zisiachwe kuwa malalamiko ya majirani. Ziandikwe pamoja na madai ya usalama kazini.

Twaomba wajumbe wa kike wasipungue wawili siku ya kuonana na mabwana wakubwa, nao ndio waanze kusema. Wanaume tutakaokuwapo tukae na karatasi za sheria mkononi, tusicheke, na tusigeuze mazungumzo yakawa ya mishahara kabla ya jambo hili kujibiwa.